Safari ya Protini za Ukuaji Hadi Kwenye Kiini cha Seli

Watoto wa panya huzaliwa wakiwa wamefumba macho, na kwa kawaida huyafumbua wakifika siku 12 hadi 14. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, mwanabiokemia Stanley Cohen aliona kitu ambacho mtafiti mwenye haraka angekipita bila kukitazama mara mbili. Watoto wa panya aliowadunga majimaji ya tezi za mate za panya dume waliyafumbua macho siku ya saba, na meno yao ya mbele yakaota mapema. Hicho sicho alichokuwa akikitafuta. Ndani ya majimaji yale alikuwa akisaka protini nyingine, ile inayokuza neva.

Protini hiyo ya neva ndiyo iliyokuwa imemkutanisha na Rita Levi-Montalcini, daktari Myahudi kutoka Turin. Sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilimfukuza kazini, naye akakigeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara na kuendelea kuchunguza viinitete vya kuku wakati mabomu yakiuangukia mji. Vita vilipokwisha, Viktor Hamburger alimwalika St. Louis. Mwaka 1952 Levi-Montalcini alisafiri hadi Rio de Janeiro akiwa na panya wenye uvimbe wa saratani, na huko, katika maabara ya Hertha Meyer, akaona nyuzi za neva zikichipuka pande zote kuuelekea uvimbe. Uvimbe ule ulikuwa ukitoa kitu. Cohen alijiunga naye mwaka 1953 ili wakitambue kitu hicho. Walipitia kwenye sumu ya nyoka, ambayo ilikuwa nacho kwa wingi kuliko uvimbe wenyewe, kisha wakafika kwenye tezi za mate za panya. Protini waliyoipata inaitwa NGF.

Cohen alihamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville mwaka 1959, akilibeba lile fumbo la macho ya watoto wa panya. Mwaka 1962 alitangaza kwamba ameitenga protini inayosababisha hali ile. Ni ndogo, ya asidi amino 53 tu, na leo inajulikana kama EGF. Huziamuru seli za ngozi na za tando nyingi za mwili zigawanyike. Kwa kazi hizi mbili, Cohen na Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1986.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi, na inastahili. Isiyosimuliwa sana ni habari ya yale yanayoipata protini ikishafika kwenye seli. Kwangu mimi hapo ndipo penye uhondo, kwa kuwa jibu lilibadilika na linaendelea kubadilika.

Mwaka 1976 Cohen na mwenzake kijana, Graham Carpenter, waliitia EGF iodini yenye mionzi ili waweze kuifuatilia, wakaiachilia juu ya seli za binadamu. Iling'ang'ania kwenye utando wa nje, ikamezwa ndani, kisha ikasagwa vipandevipande na kutemwa. Walipotumia klorokwini, usagaji ulizuilika. Hii ni dawa ileile ya malaria ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa miwasho. Klorokwini huvuruga lisosomu, vifuko vya seli vinavyomeng'enya taka na vyakula, na hivyo ikawa dalili nzuri kwamba EGF huishia humo.

Miaka minne iliyofuata ilikuwa ya kasi. Ilionekana kwamba kipokezi cha EGF, protini iliyopenya utando wa seli na kutokeza pande zote mbili, kina kazi ya kimeng'enya: kikiguswa na EGF kwa nje, upande wake wa ndani hubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Mwaka 1979 Tony Hunter wa Taasisi ya Salk, California, akiwa kwenye uchunguzi wa virusi vya saratani, aligundua kwamba fosfeti inaweza kubandikwa kwenye asidi amino iitwayo tairosini. Mwaka uliofuata ilithibitika kwamba kipokezi cha EGF hufanya jambo hilohilo. Picha ikakamilika na kupendeza. Protini ya ukuaji ni mgeni anayepiga hodi: mwenye nyumba anaitika, habari inapokewa mlangoni na kupelekwa ndani na watu wa nyumbani, na mgeni mwenyewe hana haja ya kuvuka kizingiti. Akivuka, ni wa kusagwa.

Picha hiyo ni ya kweli. Madawa kadhaa ya saratani, kama gefitinibu inayokizuia kipokezi kisibandike fosfeti, yametokana nayo. Kasoro yake ni kwamba haikuwa yote, na waliosema hivyo mapema hawakusikilizwa sana. Mwaka huohuo wa 1979, Bruce Yankner na Eric Shooter wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti kwamba NGF hukusanyika ndani ya kiini cha seli, pale DNA inapotunzwa. Wengi walidhani kuna kosa. Kiini ni kigumu kukitenga kikiwa safi, na chembe chache za utando zikikigandia, zitaonekana kama zimetoka ndani. Shaka hiyo ilikuwa ya haki kabisa, na naamini ndiyo iliyowalazimisha waliofuata kufanya kazi yao vizuri zaidi.

Waliofuata walikuwa Toulouse, Ufaransa. Mwaka 1987 kundi la Gérard Bouche na François Amalric lilionyesha kwamba FGF2, protini ya ukuaji ya jamii nyingine, huingia kwenye kiini cha seli za mshipa mkuu wa damu wa ng'ombe, ikaenda hadi kwenye nukleoli, sehemu inakotengenezwa mitambo ya kuundia protini. Na humo haikukaa bure, kwani jeni za mitambo hiyo ziliamka. Baadaye wakaonyesha kwamba haiingii wakati wowote inapotaka, bali katika kipindi ambacho seli inajiandaa kunakili DNA yake. Taka za lisosomu hazichagui saa.

Mwaka 1989 Hervé Prats, wa kundi hilohilo, alieleza jambo jingine la ajabu. Kutoka ujumbe mmoja wa jeni, seli ya binadamu hutengeneza FGF2 za urefu tofauti, kwa kuanza kuusoma mahali ambapo kwa kanuni za kawaida hapakupaswa kuanziwa. Zile ndefu zina kipande cha ziada, na ikaja kujulikana kwamba kipande hicho huzipeleka moja kwa moja kwenye kiini. Hazitoki nje ya seli wala hazigusi kipokezi chochote.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Oslo, Norway. Antoni Wiedlocha na Sjur Olsnes walitaka kutenganisha mambo mawili: amri inayotolewa na kipokezi juu ya utando, na kazi ya protini yenyewe ikiwa ndani. Waliiunganisha FGF1, ndugu wa FGF2, na sumu ya bakteria wa dondakoo, ambayo ina ustadi wa kupenya hadi ndani ya seli. Kisha wakachukua seli zisizo na vipokezi vya FGF lakini zinazoipokea sumu hiyo. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1994 ni haya: FGF1 iliingia, ikafika kwenye kiini, na seli zikaanza kunakili DNA. Lakini hazikuongezeka idadi. Zilipopewa na kipokezi pia, zikaongezeka. Kumbe amri ni mbili, na moja peke yake haitoshi.

Bado palikuwa na swali gumu zaidi. FGF huelea majini, lakini kipokezi cha EGF kimenasa kwenye utando wa mafuta. Kitaingiaje kwenye kiini? Mwaka 2001 kundi la Mien-Chie Hung katika kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, lilitangaza kwamba limekikuta kipokezi kizima ndani ya kiini, kikiwa kwenye jeni ya saiklini D1, mojawapo ya jeni zinazosukuma seli kugawanyika. Mwaka huohuo Carpenter, yuleyule aliyeitazama EGF ikisagwa robo karne kabla, alionyesha kuhusu ErbB4, ndugu wa kipokezi hicho, kwamba hukatwa kwenye utando na kimeng'enya gama-sekretesi, kinachojulikana sana kwa ugonjwa wa Alzheimer. Upande wake wa ndani ukishaachiliwa huenda kwenye kiini. Katika seli za matiti, kipande hicho hufuatana na protini STAT5A na kuiamsha jeni ya kaseini, protini ya maziwa.

Kwa wagonjwa wa saratani suala hili lina uzito. Mwaka 2005 watafiti wa Houston waliripoti kwamba wanawake wenye saratani ya matiti ambayo kiini cha seli zake kina kipokezi cha EGF kwa wingi waliishi muda mfupi zaidi. Mwaka 2009 kundi la Chuo Kikuu cha Wisconsin lilichunguza seli za saratani zilizokuwa zimeacha kuisikia dawa ya setuksimabu, kingamwili inayokinasa kipokezi kikiwa juu ya utando. Seli hizo zilikuwa zimekihamishia kipokezi chao kwa wingi ndani ya kiini, ambako dawa haifiki. Zilipopewa dasatinibu, inayozuia vimeng'enya vya jamii ya Src, kipokezi kilipungua kwenye kiini na kuongezeka kwenye utando, na setuksimabu ikaanza tena kuzidhuru.