Kikosi cha 263 na Ndege ya Kisulisuli

Kikosi cha 263 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilizaliwa upya katika msiba. Tarehe 8 Juni 1940, baada ya vita vya Norwei, ambako marubani wake walidiriki hata kurusha ndege zao kuukuu za Gladiator kutoka juu ya ziwa lililoganda, manowari Glorious iliyokuwa ikiwarejesha kwao ilizamishwa na manowari mbili za Wajeremani, Scharnhorst na Gneisenau, akafa mkuu wa kikosi na marubani wenzake waliokuwamo.

Wale waliokusanywa baadaye huko Drem, Uskoti, ndio waliokabidhiwa, mwezi wa Julai, ndege mpya iliyoitwa Whirlwind, yaani kisulisuli, kazi ya mhandisi kijana W. E. W. Petter wa kiwanda cha Westland mjini Yeovil. Na ni haki kuisifu kabla ya kuitaja ila yake, kwani puani mwake ilibeba mizinga minne ya milimita 20, iliyokaa pamoja hata risasi zote zikaelekea shabaha moja, na silaha nzito kiasi hicho zilikuwa adimu duniani majira yale. Ila yake ilikuwa katika injini. Zile Peregrine mbili zilipungukiwa nguvu kila ndege ilipopanda juu sana, na kampuni ya Rolls-Royce, iliyoelemewa na kazi ya kuunda injini za Merlin, iliacha kuziunda; basi Whirlwind zote zilizotoka kiwandani hazikutimia 120, na kila iliyoanguka iliacha pengo lisilozibika.

Kwa kuwa anga za juu hazikuwafaa, marubani hao walitafuta vita vyao chini, karibu na mawimbi. Tarehe 8 Februari 1941 waliangusha ndege yao ya kwanza kwa Whirlwind, Arado itumiayo maji kwa kutua, lakini aliyeiangusha naye hakurejea. Agosti 6 Whirlwind nne zilipambana na Messerschmitt, zikarudi zote salama. Ndugu zao wa Kikosi cha 137, ambao peke yao ndio waliotumia ndege hiyo pamoja nao, hawakujaliwa hivyo: tarehe 12 Februari 1942, manowari za Kijeremani zilipopenya mlango wa bahari wa Dover, ndege zao nne hazikuonekana tena.

Tangu mwaka huo Whirlwind zilifungwa mabomu, zikawa tishio kwa magari moshi ya Ufaransa na merikebu za pwani yake, na hapo ndipo injini mbili zilipokuwa rehema, kwani aliyepigwa moja aliweza kuvuka bahari kwa ya pili. Wito wa kikosi, ulioandikwa kwa Kilatini, wasema kwamba simba hujulikana kwa kucha zake. Nao waliudhihirisha Oktoba 1943, walipoishambulia meli Münsterland bandarini Cherbourg chini ya mvua ya risasi.

Desemba walipewa ndege za Typhoon. Whirlwind zilizosalia zilivunjwavunjwa, na leo hakuna hata moja iliyohifadhiwa nzima.