Mwaka 2001: Shule Bure, Zahanati kwa Kadi

Nilikuwa kijijini, na katika kupanga vitu vya marehemu bibi nikakuta kadi yake ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Ina mihuri ya miaka miwili tu. Nikamuuliza mjomba kwa nini bibi aliacha kulipa. Akacheka: "Mwaka ule mahindi yaliungua na jua. Angelipa na nini?"

Nimerudi Dar na jibu hilo kichwani, nikaanza kufukua.

Mwaka 2001 serikali iliigusa nyumba kama ya bibi mara mbili. Kwanza ilifuta ada ya shule za msingi, shilingi 2,000 kwa mwaka. Ukaja MMEM wa 2002 hadi 2006, uliopanga kila mwanafunzi atengewe dola 10 kwa mwaka. Yaani mtoto akiandikishwa, fedha inamfuata. Wanafunzi wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Fedha mara nyingi zilifika pungufu, na sisi tuliobanana wanne kwenye dawati moja hatuhitaji kusimuliwa. Lakini watoto waliingia darasani.

Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Hospitali za serikali zilishaanza kutoza tangu 1993, na mfuko wenyewe ulijaribiwa kwanza Igunga, Tabora, mwaka 1996. Kaya ilichanga mara moja kwa mwaka, mara nyingi kati ya shilingi 5,000 na 10,000 kufuatana na wilaya, ikapewa kadi, basi baba, mama na watoto wanatibiwa. Serikali nayo iliongeza kiasi kilekile kilichochangwa. Nyongeza hiyo ikaitwa "tele kwa tele".

Jina tamu kweli. Sasa piga hesabu. Wilaya ikichanga milioni 10, inaongezewa milioni 10. Jirani zao waliokimbiwa na mvua wakichanga laki tano, wanaongezewa laki tano. Shuleni fedha ilimfuata mtoto. Zahanati fedha ilifuata mchango, na mchango ulifuata mvua. Sheria iliruhusu wasio na uwezo wasamehewe, ila kila aliyesamehewa alikuwa mchango mmoja uliopotea, na tele yake pia. Nani angekuwa mwepesi wa kusamehe?

Nisiwaonee waliobuni. Kulipa mara moja wakati wa mavuno ni nafuu kuliko kutafuta hela usiku mtoto akiwa na homa, na waliokuwa na kadi waliliona hilo. Kosa ni kumtaka maskini atangulie ndipo serikali ifuate.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Safari hii kuna mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na vyanzo vyake ni pamoja na ushuru wa vitu kama soda na pombe. Imechukua miaka 22 kuandika hivyo.

Kinachonikosesha usingizi ni nani atakayesema fulani hana uwezo. Bibi alikuwa na ng'ombe wawili na nyumba ya bati. Kwenye fomu yoyote ile, yeye si maskini.