Ubongo wa wanawake wenye haiba ya skizotipali

Haiba ya skizotipali ni hitilafu ya nafsi iliyo jirani na skizofrenia. Iliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Mwanamke aliye nayo huweza kusikia wageni wakicheka dukani, akaamini wanamcheka yeye. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulipima kwa picha za MRI ubongo wa wanawake wenye hitilafu hiyo ambao hawajapata kutumia dawa za saikosisi, jambo la thamani kubwa, maana dawa zenyewe huweza kubadili ubongo. Tishu ya kijivu ya gamba la ubongo ilikuwa pungufu pande zote mbili, na mifereji kati ya mikunjo yake ilikuwa na kiowevu kingi zaidi kuliko kwa wanawake wasio na hitilafu hiyo.