Mnada wa sarafu

Mnada wa sarafu ni mauzo ya hadhara ambapo sarafu za kale au adimu huuzwa kwa mtu anayetaja bei ya juu kuliko wenzake. Wanunuzi, ambao wengi ni wakusanyaji na wafanyabiashara wa sarafu, hushiriki ukumbini, kwa simu au kupitia intaneti.

Upimaji wa hali

Nchini Marekani hali ya sarafu hutajwa kwa namba kuanzia 1 hadi 70. Mfumo huo ulitolewa mwaka 1949 na William Sheldon kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi hiyo. Kuanzia 60 sarafu huhesabiwa kuwa haijachakaa kwa matumizi. Kampuni za upimaji, kama vile PCGS (tangu 1986) na NGC (tangu 1987), huichunguza sarafu, huipa alama na kuifunga ndani ya kasha la plastiki.

Mvuto

Sarafu mbili za aina moja zenye alama sawa zaweza kuuzwa kwa bei tofauti sana. Sababu ni mvuto wake machoni: mng'ao wa asili, rangi iliyojitokeza polepole kwa miaka mingi, michoro iliyogongwa vizuri, na kukosekana kwa mikwaruzo mahali panapoonekana kwanza, kwa mfano shavuni pa sura ya mtu. Kuisugua sarafu ili ing'ae huondoa uso wake wa asili na kushusha thamani. Uso huo haurudi tena.

Mfano ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, yenye picha ya tembo. Iligongwa Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa vifaa vya karakana ya reli. Kwa sarafu ya namna hii mnunuzi anapaswa kutofautisha mchoro uliofifia kwa kugongwa hafifu na ule uliolika kwa matumizi. Uzito wake halisi ni takriban gramu 7.2, unaotofautiana sana na huo ni dalili ya sarafu bandia.

Kutaja bei

Bei ya mwisho anayoitangaza dalali kwa kugonga nyundo siyo malipo yote. Nyumba nyingi za mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Kwa ada hiyo, sarafu iliyogongewa nyundo kwa dola 1,000 hulipiwa dola 1,200, kabla ya kodi na usafirishaji. Kwa hiyo mwenye dola 1,200 hana budi kunyamaza bei ikivuka 1,000.

Wanunuzi wazoefu huitazama sarafu yenyewe kabla ya siku ya mnada, hulinganisha bei za minada iliyopita, na huandika kikomo chao mapema, kwa kuwa ushindani ukumbini huwasukuma watu kupita uwezo wao. Picha pekee haitoshi, kwani mwanga wa kamera unaweza kuficha mikwaruzo.