Hofu ya Mbwa Mkubwa

Anayefuga mbwa mkubwa aghalabu humfuga kwa ajili ya umbo lake: kifua kipana, taya nene, mngurumo wa kumrudisha mgeni getini. Mbwa huyo anapotetemeka kwa radi, au anapojibanza uvunguni kwa mlio wa fataki, mwenyewe huona aibu, na wapo wanaoshika fimbo. Historia ya mbwa wa vita katika karne ya 20 inaonyesha jinsi fimbo hiyo isivyo ya haki. Majeshi yalikuwa na kila sababu ya kutafuta mnyama asiyeogopa. Yalichagua wenye miili mikubwa, kisha yakagundua, wakati mwingine kwa damu, kwamba hofu ya mbwa hutokana zaidi na yale aliyozoeshwa na yale yaliyomfika kuliko kimo chake.

Mwaka 1917 Edwin Richardson, afisa wa jeshi la Uingereza, alianzisha shule ya mbwa wa vita huko Shoeburyness, pwani ya Essex, jirani na uwanja wa kujaribia mizinga. Wengi wa mbwa wake wa mwanzo walitoka katika makazi ya mbwa waliopotea, likiwamo lile la Battersea jijini London. Walizoeshwa mshindo siku hadi siku, na aliyekosea hakupigwa: alikamatwa, akarudishwa alikoanzia, akajaribu tena. Huu haukuwa upole mtupu. Kazi ya mbwa wa ujumbe ilikuwa kutoka mstari wa mbele na kumrudia mtunzaji wake huku mabomu yakilipuka. Nani angemkimbilia mtu anayemwogopa? Jeshi la Kisovyeti nalo lilijifunza kwa uchungu, mwaka 1941, uzito wa kile mbwa anachozoeshwa. Mbwa wake walifundishwa kuingia chini ya vifaru wakiwa wamefungwa mabomu, lakini mazoezini vifaru vilikuwa vimesimama, tena kimya. Vitani walikuta chuma kinachotembea na kutema moto. Baadhi yao waligeuka na kurudi mbio kwenye mahandaki ya waliowatuma, na mabomu yakiwa bado migongoni. Marekani nayo, ilipokusanya mbwa wapatao 19,000 kati ya 1942 na 1945, iliwakataa karibu asilimia 45. Miongoni mwa sababu ilikuwa kupagawa kwa kelele na milio ya bunduki.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote, kwa maoni yangu, haukutoka vitani. Septemba 1924 mafuriko yaliikumba Leningrad, na maji yakaingia katika mabanda ya mbwa wa mwanasayansi Ivan Pavlov. Wahudumu waliwaokoa kwa shida, ikabidi wawazamishe vichwa ili wapite kwenye milango iliyokwisha kufunikwa na maji. Baadaye baadhi yao walikuwa wamepoteza mafunzo ya miezi mingi. Mmoja alipokwisha kupata nafuu, msaidizi wa Pavlov aliyeitwa Speransky aliacha maji kidogo yatiririke chini ya mlango wa chumba cha majaribio. Mbwa alishtuka, akahema, akahangaika kutafuta pa kutokea, na mafunzo yakapotea tena. Kilichosaidia kumrudisha katika hali yake ni mtu kukaa naye chumbani.

Msomaji anaweza kupinga: mbona si mbwa wote wa Pavlov walioathirika, na je, hiyo si dalili kwamba woga huzaliwa nao? Ni kweli kwa sehemu. Pavlov mwenyewe aliona tofauti za tabia, na watafiti John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha 1965 kuhusu mbwa wa aina tano, akiwamo basenji wa Kongo, walithibitisha kwamba nasaba ina mchango wake. Lakini nasaba haimalizi hesabu. Jaribio lililochapishwa mwaka 1961 lilihusu watoto wa mbwa waliolelewa uwanjani, baadhi yao bila kuzoezwa watu hadi wiki ya 14. Waliokosa kabisa mazoea hayo walibaki wakiwakimbia binadamu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo linalogusa nyumba zetu: mbwa anayeuma, je, si jasiri? Mbwa mwenye hofu hufyata mkia, hulamba midomo, hupiga miayo bila usingizi, huganda au hukimbia. Akinyimwa njia ya kukimbia, hubakiwa na meno. Mnyororo humnyima njia hiyo, na banda la kufungiwa mchana kutwa humnyima watu wa kuzoea. Desturi ya kumficha mbwa asione wageni ili awe mkali kwa hiyo humtengeneza mnyama mwenye hofu, kisha humpa kilo 40 za kuitetea hofu hiyo. Mwizi hutambulika kwa mbwa huyo kama mtu mgeni tu, sawasawa na fundi bomba au mtoto wa jirani anayeufuata mpira wake uani.