Mpunga Uliolisha Mji wa Chwaka

Kabla ya mji wa Chwaka, hapa kisiwani Pemba, palikuwa na Tumbe, kijiji kikubwa cha jirani cha karne ya 7 hadi ya 10. Wakulima wake walitegemea zaidi mawele. Punje zilizoungua jikoni zilibaki ardhini. Wanaakiolojia walipoosha udongo, zikaelea pamoja na makaa. Kuanzia karne ya 11, hapa Chwaka, mpunga ukashika nafasi ya mawele. Mabonde ya Pemba yana maji ambayo mpunga unayahitaji, na mavuno yake ndiyo yaliyowalisha waliojenga msikiti na makaburi haya ya mawe, ingawa wakazi wengi waliishi katika nyumba za udongo. Mapema karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliutaja mchele miongoni mwa vyakula tele vya Pemba, Unguja na Mafia. Tafadhali usipande juu ya kuta.