Nani Alikataza Moto? Historia Fupi ya Pori na Kuni Zetu



Tunapoadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, hapa Kigoma kiangazi huwa kimekwisha kuingia. Majani yamekauka, na wajumbe wanapita nyumba kwa nyumba kutukumbusha: usichome pori, usikate mti mbichi, usichome mkaa. Watu huitikia, halafu wakifika nyuma ya nyumba wanaguna. Siku moja mwanafunzi wangu aliniuliza darasani: "Mwalimu, nani alikuwa wa kwanza kukataza moto?" Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninajaribu kumjibu.

Zamani, katika nchi zote za miombo, moto ulikuwa chombo cha kazi kama jembe. Mkulima alifyeka, akachoma, akapanda katika majivu. Mwindaji alichoma ili aone mbali, na mfugaji ili majani mabichi yachipue. Wakoloni walipokuja, pori lilipata mwenyewe mwingine. Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani ilitoa amri ya kuhifadhi misitu, na sehemu ambazo wenyeji walizitumia kwa desturi zikageuka mali ya serikali.

Waingereza nao walikuwa na lao. Katika miaka ya 1920 huko Shinyanga, bwana mmoja aitwaye Swynnerton alikuwa akipambana na mbung'o, yule nzi aletaye malale. Aliona kwamba moto wa mapema hauna nguvu ya kuua vichaka ambamo mbung'o hujificha. Kwa hiyo akawaomba wenyeji wasichome ovyo, wangoje mpaka mwisho wa kiangazi, kisha wachome wote kwa pamoja. Tazameni jambo hilo: katika nchi ambayo watu walikuwa wakilaumiwa kwa kuchoma pori, moto sasa ulipangiwa tarehe. Hapa Uha pia, katika miaka ya 1930, watu wengi walihamishwa na kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale, na mashamba waliyoyaacha yakarudi kuwa pori. Pori tunalolikuta leo, basi, si lote la tangu kuumbwa kwa dunia. Liko pori ambalo lilikuwa mashamba ya watu.

Mwaka 1933, huko Ndola, karibu na mpaka wa Katanga yetu, wataalamu wa misitu walianza kupima jambo hilohilo. Walitenga vipande vya pori la miombo: kimoja kisichomwe kabisa, kingine kichomwe mapema, majani yakiwa bado na unyevu, na kingine kichomwe mwishoni, majani yakiwa yamekauka kabisa. Miaka ilipita. Kipande kisichochomwa kilisongamana miti. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti yake. Kilichochomwa mwishoni kiliisha miti, yakabaki majani. Kumbe moto wa mwezi wa tano na moto wa mwezi wa tisa si moto mmoja.

Sasa tuje kwetu wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Ilikadiriwa kwamba wakimbizi wa mkoa wa Kagera walitumia tani 1,200 za kuni kila siku. Hakuna pori linaloweza kuvumilia hayo. Kambi yetu ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, habari za Ngara zilikuwa zimekwisha kuwafikia wakubwa, na masharti ya kuni yakawa makali.

Nilikuwa mtoto mdogo tulipofika. Nakumbuka jioni moja mama alirudi bila mzigo wa kuni, bila panga, na kanga imechanika. Wanaume aliowakuta porini walimwambia kwamba anaiba miti yao. Usiku ule maharage yalikuwa ndani ya sufuria, maji yapo, chumvi ipo, moto hakuna. Tulilala. Mama hakubishana na sheria wala hakuwachukia wenyeji. Aliuliza neno moja tu: "Wametupa maharage. Wanataka tuyapike na nini?"

Neno hilo ndilo historia yote niliyoieleza hapa. Kila zama wakubwa walisema nini kisichomwe, mara chache waliwaeleza watu sababu, na mara chache zaidi walisema wapike na nini.

Kwa faida ya wote, nieleze sheria ilivyo. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma majani au vichaka nje ya eneo la nyumba yako. Moto wa kupikia jikoni haukatazwi, ila usiuache peke yake, maana paa la nyasi halisubiri. Kuni ziwe za miti iliyokauka na kuanguka. Takataka za shamba ni heri zioze ziwe mbolea, na plastiki isichomwe kamwe karibu na watoto. Akina mama wanaoloweka maharage usiku kucha wanajua wanavyookoa kuni, na jiko la udongo likijengwa vizuri linashinda mafiga matatu.

Kwa Kamati yetu na mashirika, ombi langu ni hili. Mjumbe anapotumwa kutangaza katazo, atumwe pia na sababu yake, na ajue kujibu swali la mama yangu. Nasi wakazi tukumbuke kwamba mti tunaoukata mbichi leo ni ugomvi wa kesho kati ya mtoto wetu na mtoto wa mwenyeji, na wote wawili watahitaji kupika.